Pamba Masikioni

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Wete, namenya ndizi mbichi. Nilisahau kupaka mafuta mikononi, utomvu ukaanza kuninata vidoleni, na ile harufu yake ikanipanda puani: harufu ya ubichi, kali kidogo, kama ya jani lililokatwa likiwa bado na umande. Ghafla nikasema neno. Nililisema kwa sauti, tena kwa ukali, kama mtu anayemkemea mtoto. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, akauliza, "Umesema nini?" Nikamwambia sijui. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Lakini kweli sikujua. Neno lilitoka likapita, na nilipojaribu kulirudia, ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Sisi wa rika langu tumeshaanza kuyazoea mambo haya. Unaingia chumbani, unasimama katikati, hujui ulifuata nini. Unakutana sokoni na mtu mliyekaa deski moja, mnakumbatiana, mnaulizana habari za watoto, na muda wote huo unamwomba Mungu asitokee mtu wa tatu ukalazimika kuwatambulisha, maana jina la huyo mwenzako halipo. Wenzangu wanalalamika sana. Mimi kusahau hakunitishi. Nadhani ni kwa sababu nilisahau jambo kubwa mapema, nikiwa bado nina mapengo ya meno ya utoto, na hofu yangu yote ya kusahau niliimaliza msimu ule, kule Tumbe.

Mimi ni mtoto wa bara niliyekulia Pemba. Wazazi wangu ni Wanyakyusa wa Rungwe, kwenye baridi, migomba na mvua zisizokatika. Baba alikuja Tumbe kununua dagaa, kuzikausha na kuzisafirisha bara, na biashara ilipoanza kusimama akamwita mama. Mimi wakaniacha kwa bibi, mama yake mama, mpaka watakapopata nyumba. Kwa hiyo miaka yangu ya kwanza nililelewa na bibi. Nililala kitandani mwake, alinibeba mgongoni hata nilipokuwa nimeshakuwa mzito, na lugha niliyoijua ilikuwa moja tu, ile aliyoizungumza yeye. Kiswahili nilikisikia redioni. Nilipoletwa Pemba nilikuwa na umri wa kama miaka mitano, na mama hupenda kusimulia kwamba nilishuka melini nikilia kwa Kinyakyusa.

Kilio hicho hakikudumu. Ua wetu ulipakana na ua wa Bi Mize, ambaye alifanya kazi na mama ya kuchemsha dagaa, na binti yake, Raya, alikuwa umri wangu. Raya alinifundisha kila kitu: kuokota kombe ufukweni maji yakitoka, kula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, kukimbia bila viatu juu ya mchanga wa mchana. Na kusema. Haukupita muda nikawa nasema "ntoto" na "nkono" na "miye" kama niliyezaliwa pale. Watoto wakubwa walikuwa wakiniita mbara. Hawakuwa na ubaya mwingi, lakini hakuna mtoto anayependa kuitwa jina ambalo mwenzake haitwi, nami niligundua mapema kwamba nikisema kama Raya, hawaniiti. Nyumbani nako baba alitaka tuzungumze Kiswahili ili nisipate tabu skuli. Kinyakyusa wakabaki nacho wao wawili, chumbani, kwa mambo ya ndugu na ya ugomvi. Ikawa ni lugha ya kufungiwa mlango, na mimi nikajifunza kutoisikiliza.

Siwezi kusema Kinyakyusa kilinitoka siku gani. Nakumbuka vizuri mambo ya miaka ile. Nakumbuka mvuke wa dagaa zikichemka kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, chumvi ikikauka kwenye nyusi za mama mpaka anaonekana mzee. Nakumbuka baskeli za wachuuzi zikitoka dikoni, boti zinakoshusha, na matenga ya samaki, zikidondosha maji njia nzima, na paka wakifuata ile michirizi. Lakini sikumbuki neno la mwisho la Kinyakyusa nililolisema kabla ya kunyamaza. Hakuna aliyelisikia akajua ni la mwisho.

Jambo lenyewe lilianza jioni moja, nikiwa na miaka minane hivi, baba alipoiondoa simu sikioni akamwambia mama, "Mama yako anakuja. Amekubali kupanda meli."

Mama alipiga kigelegele ambacho kilimtoa Bi Mize nyumbani kwake na ukili wa mkeka mkononi. Halafu akanigeukia, macho yanamng'ara.

"Umesikia, Atupele? Bibi yako anakuja! Utamwambia nini ukimwona?"

"Nitamwamkia," nikasema.

"Kwa Kinyakyusa?"

"Ndiyo."

Akanibusu kichwani akaingia ndani kuanza kupanga vitanda, ijapokuwa safari yenyewe ilikuwa bado mbali.

Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya rundo la kuni, nikaanza kuyatafuta maneno. Nilitazama kitu nikajaribu kukiita. Moto. Kuku. Kisu. Kila nilichokitazama, neno lililokuja lilikuwa la Raya. Nilibakiwa na "ugonile", ambayo ni salamu, na "ndaga", ambayo ni asante, na hayo hata Bi Mize aliyajua kwa kumsikia mama. Nilijua pia kwamba bibi hana Kiswahili isipokuwa cha dukani: chumvi, sabuni, kiberiti. Nikawaza tutakavyokaa pamoja. Mimi nitasema asante, yeye atasema sabuni.

Nikamfuata Raya. Yeye alikuwa anakwenda chuoni kila alasiri, anahifadhi sura za Kurani, na alikuwa na uzoefu wa mambo ya kusahau, kwa sababu kila akishika sura mpya, moja ya zamani ilikuwa inalegea.

"Kichwa ni kama ntungi," akanambia. "Ukijaa, ukitia tena yamwagika."

"Yamwagikia wapi?"

Akafikiri kidogo. "Masikioni. Kwani pana tundu jengine?"

"Na pua?"

"Pua ni ya kamasi, weye."

Maelezo yale yaliniingia kabisa. Niliona wazi kilichotokea: maneno ya Tumbe yaliingia kwa juu, na maneno ya bibi yakawa yanatoka kwa pembeni, kidogo kidogo, nikiwa nimelala. Asubuhi iliyofuata niliukagua mto wangu, nikaona pana alama ya unyevu, nikazidi kuamini. Basi nikachukua pamba ya dawa kwenye kabati la mama, nikaanza kuziba masikio kila ninapolala ili yaliyobaki yasitoke. Na kwa kuwa kuziba peke yake hakutoshi ikiwa mtungi unaendelea kujazwa, nikaamua pia kutoingiza kitu kipya. Mwalimu wetu wa hesabu alipoandika jedwali la saba ubaoni, nikafumba macho.

"Atupele, unaumwa?" akauliza.

"Hapana, mwalimu. Sitaki liingie."

Darasa zima likacheka. Mwalimu alikuwa mtu mpole, akaniambia niende nikanawe uso.

Baba alikwenda Tanga kumpokea bibi. Siku ya meli, mama, mimi na Raya tulipanda pikapu iliyobeba samaki tukaja Wete. Raya hakuwa na sababu ya kuja ila alitaka kuona, na mimi nilitaka awepo. Nilivaa gauni jekundu. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni ugonile, ugonile, ugonile, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mimi nilikuwa na mwanamke mkubwa kichwani, mwenye mgongo mpana kama kitanda, na aliyeteremka pale ni kikongwe mwembamba aliyefunga vitenge viwili na kuvaa sweta katika joto lile. Nyuma yake alikuja baba amebeba mkungu mzima wa ndizi begani, uso wake umejaa aibu. Bibi alikuwa ameambiwa na mtu huko Rungwe kwamba visiwani hakuna ndizi za kupika, kwa hiyo aliubeba mkungu ule kutoka kwake, basi kwa basi mpaka melini, akauleta Pemba, ambako migomba imeota hata nyuma ya vyoo.

Akasimama mbele yetu akasema jambo refu. Mama akanisukuma kidogo mgongoni. Watu wote walikuwa wananitazama, hata mpagazi. Na lile yai likaanguka. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

Bibi alinitazama. Midomo yake ikatetemeka. Akageuka, akaenda kukaa kwenye kiukuta kilichokuwa pale, akajifunika uso kwa kitenge na kutugeuzia mgongo. Mama akamkimbilia akainama karibu yake, wakazungumza ile lugha ya kufungiwa mlango. Nilitaka kusogea, baba akanishika bega akasema, "Mwache kwanza."

Nikajua nimeuvunja moyo wake. Kutoka Rungwe kote kule, na mkungu wa ndizi, kuja kuamkiwa kama mpita njia.

Siku zilizofuata nilimkimbia. Yeye alilala sana, na alipoamka mimi nilikuwa nimeshatoka. Nikawa nazidisha pamba, na sasa sikungoja kulala. Nilikuwa nazo masikioni mchana kutwa, nimeziba kwelikweli. Ndivyo alivyonikamata Bi Mize. Aliniita kutoka uani kwake, sikusikia. Akaniita tena. Mwisho akaja akanishika sikio, akaiona.

"Alaa! Kumbe ntoto wa watu yuaumwa masikio na hapana alojua!"

Hakungoja nijibu. Alinipeleka jikoni kwake, akapasha mafuta ya nazi na punje za kitunguu thomu, akanilaza kichwa mapajani mwake na kuanza kunidondoshea kwa kijiko. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu na mapaja yake yalikuwa laini, na nadhani ni ule uvuguvugu ulionifanya nianze kulia.

"Yauma?"

"Hayaumi."

"Basi walia nini?"

"Umeitoa pamba. Maneno yatamwagika."

"Maneno gani, Atu?"

Nikamwambia yote. Mtungi, mto uliolowa, jedwali la saba, salamu iliyonipotea bandarini, bibi alivyogeuka akalia kwa ajili yangu. Bi Mize alikizuia kijiko hewani. Nikadhani ananionea huruma. Kisha nikahisi mapaja yanatikisika. Alikuwa anacheka, anajizuia, hawezi, mpaka mafuta yakamwagikia shingoni mwangu.

"Nani kakwambia kalia kwa ajili yako?"

"Nilimwona."

"Ulimwona uso?"

"Alijifunika."

"Inuka," akasema. "Inuka twende."

Akanivuta mkono mpaka uani kwetu. Mama na bibi walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wanachambua mchele. Raya naye alikuwepo, anakula kitumbua cha watu. Bi Mize akasimulia kila kitu mbele yao wote, bila kuniachia hata jambo moja la kuficha, na mama akawa anamgeuzia bibi maneno kwa Kinyakyusa. Nilitazama chini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo. Mama akajibu. Halafu bibi akasema kwa kirefu huku akionesha tumbo lake, na mama akatupa ungo akajishika mdomo.

"Atupele," akasema alipopata pumzi, "bibi anasema siku ile alikuwa anatapika. Ametapika kutoka Tanga mpaka Wete. Alipomaliza kukusalimia ikamjia tena, akageuka asije akakuharibia gauni."

Sikuamini. Nikamtazama bibi, naye akafumba macho na kupuliza mashavu, akaonesha jinsi meli ilivyokuwa ikipanda na kushuka.

"Na anasema," mama akaendelea, "yeye ndiye wa kuomba radhi. Hakukujua. Aliagana na mtoto mwenye kipara na kamasi, akakuta wasichana wawili warefu. Alimshika mkono Raya kwanza."

"Kweli!" Raya akapiga kelele na kitumbua mdomoni. "Alinshika nkono miye! Nikajua ndivyo wafanyavyo kwao!"

Hapo pana jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Siku zote zile nilikuwa na picha moja ya bandarini, ya bibi anayelia. Tangu alasiri ile picha ile sinayo tena. Nikikumbuka sasa namwona bibi uso umempauka, jasho juu ya mdomo, na mkono wake umemshika Raya. Je, niliyaona hayo siku ile, au niliyatia baadaye kwa kuambiwa? Siwezi kutofautisha. Raya, ambaye sasa ameolewa Shumba na ana watoto wakubwa, anaapa kwamba lile gauni jekundu alilivaa yeye. Tumebishana hayo kwenye harusi mbili. Kila mmoja wetu analiona gauni mwilini mwake, mpaka kishikizo kilichokatika.

Bibi aliichukua ile pamba mkononi mwa Bi Mize, akaigeuzageuza, akaitupa kwenye majivu. Halafu akapiga mkeka kwa kiganja, hapa, karibu yake. Nikakaa. Hakuniuliza kitu, wala hakunilazimisha kusema. Kuanzia siku ile ikawa ndiyo kawaida yetu: nikitoka skuli nakaa naye uani, tunamenya ndizi. Mkungu wake ulipokwisha alikubali kwa shingo upande kujaribu ndizi za Pemba. Alizungumza huku akimenya, si kwamba ananiambia mimi hasa. Alizungumza kama anavyozungumza mtu aliyebeba mtoto mgongoni, habari za chochote kilicho mbele yake. Mimi nilisikiliza bila kutafuta. Akinyoosha mkono nampa kisu. Akinyoosha tena nampa sufuria. Sikujiuliza nimejuaje ni kipi anachotaka.

Kisha ikaja siku ya dagaa nyingi. Boti zilirudi zimejaa, na kila ua wa Tumbe ulikuwa unafuka. Mama na Bi Mize walikuwa na mapipa mawili motoni, wanachota kwa vikapu na kumwaga kwenye chanja za kukaushia. Mimi na Raya tulikuwa tumechuchumaa karibu na pipa moja, vichwa vimegusana, tunamtazama ngisi mdogo aliyechanganyika na dagaa, mdogo kama kucha, bado macho yake yanang'ara. Bibi alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyeona jiwe moja la jiko linateleza.

Akapiga ukelele wa neno moja.

Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimeshafika kwenye mnazi. Sikuamua kukimbia. Miguu ilinichukua, na nilipogeuka pipa lilikuwa limelala upande, maji ya chumvi yanachemka mchangani pale pale tulipokuwa. Raya alikuwa ameruka pia, lakini amechelewa. Pindo la kanga yake lilikuwa linafuka na mguu mmoja umerukiwa na maji. Bi Mize alimmwagia ndoo ya maji baridi kabla hajaanza kulia. Ngozi ikawa nyekundu, haikutoka malengelenge. Tukamshukuru Mungu. Lakini Raya alikuwa amekasirika kuliko kuumia.

"Mbona hukunambia?" akanililia. "Umekimbia peke yako!"

"Si kasema bibi!"

"Kasema nini?"

"Kasema ondo—" nikakwama. Bibi hakusema ondokeni. Hakusema tokeni wala jihadharini. Alisema neno lile wanaloambiwa ndama wakisogelea moto wa jikoni, na watoto wakifanya kama ndama. Nililijua lote. Nilimjua ndama mwenyewe, na majani makavu ya migomba aliyokuwa akiyalalia, na kiganja cha bibi kikimpiga shingoni. Ila la kumwambia Raya sikuwa nalo.

"Kasema hivyo tu," nikamwambia. "Weye hukusikia?"

"Nimesikia sauti!"

Hapo ndipo nilipoona kwamba watu wazima wameacha kazi. Mama alikuwa amesimama na kikapu kinachochuruzika, ananitazama. Bibi, kutoka mlangoni, akaniuliza jambo kwa upole. Aliniuliza kama nimeumia. Nami nikamjibu. Nilimjibu kwa sauti ndogo, nusu ya neno, jinsi anavyojibu mtoto mdogo sana, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo nilipoiacha lugha ile. Mama akakaa chini pale pale kwenye matope ya chumvi, akaweka mikono kichwani, akaanza kucheka na kulia pamoja. Bi Mize akamwambia, "We mama, dagaa zaharibika!" na kazi ikaendelea.

Baada ya hapo yalirudi. Hayakurudi kwa mpango nilioutaka. Yale niliyoyatafuta juu ya kuni, moto na kuku na kisu, yalikuwa ya mwisho kabisa kufika. Yaliyotangulia yalikuwa ya ovyo: jina la ukoko wa chini ya chungu, jina la ukungu unaokaa bondeni asubuhi, matusi madogo ya kumwambia mbuzi. Yalikuja mkono ukiwa unafanya kazi, au pua ikinusa kitu, na nikiyakodolea macho yanarudi nyuma. Sikuyaona tena kama maji yaliyomwagika. Nilianza kuamini kwamba hayakuwa yamekwenda popote, yalikuwa yamekosa mtu wa kuyaita. Na kichwa hakikujaa. Jedwali la saba nililishika wiki ile ile, na Raya alimaliza sura yake bila kupoteza nyingine, ijapokuwa alidai ni kwa sababu ya mafuta ya thomu aliyomwomba mama yake amtie na yeye.

Bibi naye hakukaa bure. Kila alasiri alikwenda kwa Bi Mize, wakakaa wawili wanasuka ukili, mmoja anazungumza Kinyakyusa na mwingine Kipemba, wanapokezana vizuri kabisa kama watu wanaojibizana. Niliwahi kumuuliza Bi Mize anaelewa nini. "Yuasema habari za mumewe," akanambia. "Alikuwa nkorofi." Nilipomuuliza bibi, akasema walikuwa wanazungumzia magonjwa ya kuku. Siku moja nikamsikia bibi dikoni, na sweta lake, anabishana na kijana wa samaki: "Yakhe, huyo keshaoza!" Watu wote pale walipasuka kwa kicheko, na yule kijana akampa samaki bure.

Alikaa nasi mpaka masika. Alikuwa na ng'ombe wake, na kahawa yake, na watu wa kanisani kwake, na alisema joto letu linamfanya aote ndoto za watu wengine. Tukamsindikiza Wete, Raya akiwemo. Safari hii Bi Mize alimpa tangawizi mbichi ya kutafuna, akamwelekeza kwa ishara asitazame maji.

Baba na mama walipokuwa wanahangaika na mizigo, bibi aliniita pembeni. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, vidole vyake vikavu juu ya masikio yangu, akaanza kuniambia jambo. Lilikuwa refu. Aliniambia mpaka mwisho, nami nikamjibu kwa kirefu vilevile, kwa Kinyakyusa, bila kutafuta neno hata moja.

Bibi amefariki zamani, kitandani kwake, akiwa amezungukwa na watu wake. Tulizungumza kwa simu miaka mingi, na miaka ilivyokwenda maneno yakapungua tena, kwa sababu tangu baba afariki, hapa Pemba sina wa kuyatumia naye zaidi ya mama, na mimi na mama tumeshazoea Kiswahili. Sikuhangaika nayo. Na yale aliyoniambia siku ile bandarini siyakumbuki. Nimemuuliza mama, anasema alikuwa anagombana na mpagazi. Nimemuuliza Raya, alisikia sauti tu. Hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza, na nimeshajaribu kuyaita kwa kila njia ninayoijua, hayaitiki.

Ninachokumbuka ni kwamba niliyaelewa yote. Nakumbuka kwamba yalikuwa ya kuchekesha, tena sana, na kwamba jibu langu lilimchekesha yeye zaidi, mpaka akaniachia kichwa akashika mbavu, na machozi yakawa yanamtoka na tangawizi iko mdomoni. Baba akaita, "Mama, meli inaondoka!" Akaita tena. Sisi tulikuwa hatujamaliza kucheka.